Aliyevunja Redio ya Baba

Barua namba 1
4 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Tumefika. Watoto wazima, mimi mzima, na cherehani yangu imevunjika pedali tu, jambo dogo. Salamu nyingine nazifupisha kwa sababu mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Ili barua iende, inabidi nipande ngazi ya tangi la maji na kompyuta kwapani, nisimame ngazi ya juu kabisa, nishikilie bomba kwa mkono mmoja. Wenzangu wa karakana wanadhani nimerogwa.

Tunakaa chumba cha nyuma ya karakana. Tunashona sare za shule, kola na mifuko kutwa nzima. Tajiri wangu haulizi maswali, na mimi nimemshukuru kwa kutouliza.

Sasa nikwambie kinachonikera. Umenikataza simu, kwa kuwa shemeji yako ana rafiki kampuni ya simu. Sawa. Umenikataza kukuambia niko mji gani, eti asiyejua halazimishwi kusema. Sawa. Umenipa kompyuta yako kuukuu yenye programu ya kufunga barua. Hiyo nayo sawa. Lakini kuniwekea masharti kama mganga, niandike namba, nithibitishe, nisifute, nisisahau, kana kwamba mimi ndiye mdogo na wewe ndiye uliyenibeba mgongoni? Mimi siri nilizijua kabla hujaota meno. Baba alipouliza nani kavunja redio yake nilinyamaza kimya, ingawa ni wewe uliyeiangusha pale langoni na baiskeli. Kwa hiyo usinifundishe kufunga mdomo.

Mwanangu Kibogoyo anakusalimu. Jino la pili la mbele limeng'oka, na sasa anapiga mluzi bila kutaka.

Dada yako,
Fundi Cherehani

Barua namba 2
9 Machi

Dada,

Nimepokea namba 1. Unaona? Neno moja tu: nimepokea. Halijaniua. Wewe nimekuandikia mara tatu tangu uondoke, kabla hatujaanza namba, na hujathibitisha hata moja, na mimi huku nakaa kama mtu aliyetupa jiwe kisimani na hakusikia mlio.

Nitaeleza tena, kwa mara ya mwisho, na najua si ya mwisho. Mimi nina kufuli na nina ufunguo. Kufuli nimekupa wewe, likiwa wazi. Unaandika barua, unaibana kwa kufuli langu, na baada ya hapo hata wewe mwenyewe huwezi kuifungua. Mimi tu, kwa sababu ufunguo uko ndani ya kompyuta yangu na hauko pengine popote duniani. Ufunguo huohuo ndio unaotia muhuri barua zangu kwako. Basi barua yangu ikifika, programu inakuambia kama imetoka kwenye kufuli lile lile. Kila kufuli lina maneno yake sita; unayalinganisha na yale niliyokusomea stendi, tumesimama karibu na choo, watu wanatutazama.

Sasa sikia hili kuliko yote. Programu ikikupa onyo kwamba kufuli limebadilika, usiamini. Anayeandika si mimi. Hata akilia. Hata akikuapia kwa kaburi la baba. Usiniwekee "lakini".

Hujasahau kwa nini tunafanya haya, najua. Tarehe 24 Aprili mahakama inaamua watoto wakae na nani. Usipofika, wanaenda kwa baba yao. Na akijua ulipo kabla ya siku hiyo, atakuja kuwachukua kama alivyomchukua Kibogoyo shuleni mwaka jana, tukazunguka hospitali na vituo vya polisi mpaka miguu ikavimba. Siku zikikaribia nitakuuliza mahali ulipo, nije na gari la wakili. Kabla ya hapo, nyamaza.

Na uthibitishe.

Mdogo wako,
Fundi

Barua namba 3
21 Machi

Fundi,

Nimepokea. Nimepokea namba 2 mara mbili, na katika zile tatu zako za mwanzo, ya tatu ikaja kabla ya ya pili, ambayo sijaiona mpaka leo. Sasa nithibitishe ipi? Mtandao wako unaleta barua kama mtoto aliyetumwa dukani: anachelewa, anasahau kimoja, kingine analeta viwili, na bado anataka asifiwe.

Yale maneno sita usihofu, hayatapotea. Nimeyashona kwa uzi mwekundu kwenye pindo la gauni la binti yangu, kwa ndani. Jiko, tumbili, kamba, Jumanne, ndimu, mlango. Barua yako ikija namwita, nageuza pindo, nasoma neno baada ya neno. Anasema mama amekuwa mshonaji wa wendawazimu.

Juzi aliniuliza kitu. Alisema, "Mama, baba si alishaomba msamaha? Mbona hatukurudi?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikajifanya siwezi kusema. Tangu hapo nimekuwa na hasira isiyo na pa kwenda, na wewe ndiye uliye karibu, kwa hiyo nivumilie.

Dada yako

Barua namba 5
27 Machi

Dada,

Nimepokea namba 3. Namba 4 iligoma kuondoka, hii ni ya 5. Umeyashona? Kwenye gauni? Mtoto analivaa barabarani?

Sawa, maneno ya kufuli si siri, hata mtu akiyaona hakuna neno. Ila bado nimeshika kichwa. Ofisini hapa nina watu wenye shahada wanaobandika nywila zao kwenye vioo, sasa na dada yangu anashona za kwake kwenye nguo. Mmeumbwa kwa udongo mmoja, wewe na wao.

Nitaandika vizuri baadaye. Chai imekuja na wenzangu wananiita, wakimaliza maandazi nitakuta sahani.

Fundi

Barua namba 6
2 Aprili
*(Programu: kufuli ni lile lile.)*

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na watoto wetu wapendwa. Kila siku nawaza jinsi unavyoteseka peke yako huko.

Nimezungumza na wakili. Anashauri tusingoje siku za mwisho, kwa sababu barabara haziaminiki. Angependa kuja mapema kukuchukua. Tafadhali niandikie jina la mji, mtaa, na nyumba mnayokaa, na saa ambazo watoto wanakuwa nyumbani.

Najua nimekuwa mkali kwako katika barua zangu. Nisamehe sana. Ni mapenzi tu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi

Barua isiyo na namba
3 Aprili
*(Programu: ONYO. Kufuli hili ni jipya. Mwandishi huenda si yule unayemjua.)*

Dada,

Kabla hujaifunga hii, soma mpaka mwisho. Najua nilichokuambia. Najua neno kwa neno.

Kompyuta yangu imeibiwa juzi. Niliiacha mezani ikiwa wazi, nikaenda kunywa chai. Ndiyo, mimi. Cheka sasa umalize. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimewafokea watu ofisi nzima kuhusu jambo hilohilo, na leo wananipita kwenye korido kwa heshima ya msibani. Mganga hajigangi.

Mlinzi anasema mtu aliyevaa fulana ya kampuni ya simu aliingia na kutoka na begi. Alivyonieleza sura yake, sikuhitaji picha. Ni shemeji.

Elewa maana yake. Ufunguo wangu anao. Barua zetu zote anazisoma. Akikuandikia, programu itakuambia ni mimi. Na mimi nikikuandikia, kwa kufuli jipya ambalo imebidi nilitengeneze upya, programu itakuambia mimi ni mwizi. Usimwambie ulipo. Yeyote aliyekuja na kufuli la zamani kuanzia juzi, ni yeye.

Nimezunguka nyumba nikitafuta njia ya kukuthibitishia, sijaiona. Chochote nitakachokutajia, kama kiko kwenye barua, anacho; kama hakiko, utasema alikisikia kwako miaka yote ya ndoa. Nimekufundisha vizuri mno, hilo ndilo kosa.

Mdogo wako, wa kweli, Mungu shahidi,
Fundi

Barua namba 7, nakala mbili
7 Aprili

Kwenu ninyi wawili,

Mama alizaa mtoto mmoja wa kiume. Leo ninao wawili, na wote wananiandikia kwa uchungu.

Mmoja ana kufuli linalolingana na pindo la gauni, neno kwa neno. Huyo ndiye niliyeambiwa nimwamini. Mwingine ana onyo jekundu, analia, anaapa, na ananisihi nivunje sharti lilelile aliloniwekea, jambo ambalo ndugu yangu alisema mwizi atalifanya. Nimekaa juu ya ngazi ya tangi mpaka tajiri wangu akatuma mtu kuniuliza kama nataka kuruka.

Kama ningefuata masharti, ningeshajibu barua ya kwanza na kumaliza. Sijajibu. Sijui kwa nini. Mikono inakataa.

Basi nawauliza swali moja, barua ileile kwa kila mmoja, nimeifunga kwa kila kufuli. Nani alivunja redio ya baba?

Nijibuni nyote. Wakati hautungoji, na mahakama haitanisubiri nishuke kwenye ngazi.

Mimi,
Dada wa mmoja wenu

Barua namba 8
8 Aprili
*(Programu: kufuli ni lile lile.)*

Dada yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, na nakuelewa. Ni haki yako kuwa na wasiwasi. Huyo mtu mwingine ni hatari, usimjibu tena.

Redio ya baba niliivunja mimi. Niliiangusha langoni na baiskeli, na wewe kwa moyo wako mwema ulininyamazia. Miaka yote hii sijawahi kukuomba radhi. Leo nakuomba. Nisamehe, dada yangu. Nilikuwa mtoto, sikujua thamani ya kile nilichokivunja, wala ya yule aliyenilinda. Nikikuona nitapiga magoti.

Sasa niambie mlipo, nije niwachukue.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi

Barua namba 9
12 Aprili

Kwako wewe wa kufuli jipya,

Mwenzako amejibu siku ya pili yake. Amejibu kwa adabu, kwa kirefu, hakuna alichokosea. Wewe uko kimya.

Nimepanda ngazi asubuhi na jioni. Nimempandisha binti yangu na gauni lake kana kwamba pindo litanijibu. Kibogoyo amejifunza kusema "imeshindikana kutuma" kwa sauti ya kompyuta.

Kama wewe ni ndugu yangu, uko wapi? Kama wewe ni mwizi, mbona umeshindwa hata swali dogo la kifamilia? Nimechoka, jamani. Nimechoka kuogopa mashine, kuogopa gari linaloegeshwa mlangoni, kuogopa barua nzuri. Kesho kutwa nitamjibu mmoja wenu, na nikikosea nitakuwa nimewapeleka wanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Barua isiyo na namba
Imeandikwa 8 Aprili, imefika 14 Aprili
*(Programu: ONYO. Kufuli hili ni jipya.)*

Dada,

Umenitafutia maneno makusudi.

Nani alivunja redio ya baba? WEWE. Wewe ndiye uliyeivunja, nimelisema hilo tangu nikiwa na kaptula na nitalisema mpaka wanizike. Baiskeli niliendesha mimi, sikatai. Lakini redio ilikuwa imefungwa kwenye kareja, pale nyuma ya kiti, kwa mpira wa tairi, mpira mzuri, baba aliukata mwenyewe. Nani aliuchukua ule mpira akatengeneza mkanda wa gauni la mwanasesere? Nani akaifunga redio kwa uzi wa kushonea, uzi, Dada, akavuta mara mbili akasema "inashika"? Haikushika. Ilifika langoni ikashuka yenyewe kama abiria. Halafu ukaenda "kunyamaza" mbele ya baba kwa uso wa malaika, na familia nzima ikaamini umenifichia siri, kumbe umejifichia mwenyewe. Nilipigwa mimi. Na kwenye barua yako ya kwanza ukalirudia tena, ukalipitisha katikati ya salamu kana kwamba ni jambo lililokwisha amuliwa. Nilikuandikia majibu marefu kuhusu hilo siku hiyohiyo, nikayafuta, nikasema ana kesi, ana watoto, mwache.

Siwezi kukuacha. Hata kama kujibu hivi kutakufanya usiniamini. Hata kama huyo mwingine amekujibu vizuri zaidi. Nikubali nimevunja redio ambayo sikuivunja ili unipe anwani? Bora nije nikutafute mji kwa mji.

Wachimba mitaro wamekata waya wa mtaa mzima, kwa hiyo sijui hii itaondoka lini. Nitaituma kila saa mpaka mashine iungue.

Fundi

Barua namba 10
14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepokea.

Nimelia juu ya ngazi ya tangi na watu wa karakana wamekuja kunishusha. Nilikuwa nacheka pia, ndiyo maana walitishika zaidi.

Mwenzako aliniomba msamaha. Wakati naisoma barua yake, moyo ulikuwa unalainika, nikajisikia vizuri, na papo hapo nikajua ninaijua hiyo hali. Nimeishi nayo miaka yote ya ndoa. Shemeji yako anaomba msamaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ana maneno, ana magoti, ana machozi kama yanahitajika. Aliniomba msamaha kila mara, na kila mara niliamini, na nilibaki na alama. Lakini nilikuwa sina uhakika bado, kwa sababu alijibu sawasawa, na wewe ulikuwa kimya.

Ndugu yangu hajawahi kuniomba msamaha hata siku moja. Ulinimwagia uji wa moto ukasema nilisimama vibaya. Nilijua kwamba kama ni wewe, utakataa. Sikujua utakataa kwa urefu huo.

Mpira wa tairi sikuuchukua mimi, lakini hayo tutayamaliza tukionana.

Sasa tega sikio. Mji ni ule ambako mama alitushusha kwenye basi kwa makosa, tukalala stendi juu ya mzigo, ukaamka umekumbatia mguu wa mtu usiyemjua. Hilo halipo kwenye barua yoyote, na shemeji yako sikuwahi kumsimulia. Ukifika, fuata barabara ya soko mpaka kwenye duka la matangi. Nyuma yake kuna karakana yenye milango ya kijani, sare zimetundikwa dirishani. Gonga mlango wa nyuma. Kibogoyo atapiga mluzi, usiogope, ni meno.

Huyo mwingine simjibu. Acha adhani ni mtandao.

Dada yako

Barua namba 11
16 Aprili
*(Programu: kufuli linalingana. Umelithibitisha mwenyewe.)*

Dada,

Nimepokea. Mguu ule ulikuwa wa mwanajeshi, na yeye ndiye aliyenikumbatia.

Nitafika na wakili mapema kabla ya siku ya kesi. Usinithibitishie barua hii. Najua, ni mimi ninayesema hivyo, ukae chini kwanza. Ukithibitisha, nitataka kujua kama ulijua nimepokea uthibitisho wako, na wewe utataka kujua kama nilijua, na tutaendelea hivyo mpaka watoto wawe na wajukuu. Kazi yangu yote ni jambo hili, na hakuna fundi aliyewahi kulimaliza: kwenye mtandao mbovu, barua ya mwisho haina anayeweza kuapa kwamba imefika.

Kwa hiyo sijui kama unaisoma hii. Wewe nawe hujui kama nimeshaondoka. Nakuja tu. Wewe fungua mlango tu.

Zile barua mbili za shemeji usizifute hata kwa bahati mbaya. Nakuja na mashine ya kuchapia.

Fundi

Barua namba 12
24 Aprili, asubuhi
*Imefungwa kwa kufuli la zamani*

Baba watoto,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la mahakama, nje ya chumba cha pili. Mtandao wa hapa ni mzuri, kwa hiyo najua utaisoma kabla hujaingia. Mdogo wangu amekaa kushoto kwangu, ananiambia nimeweka vituo vibaya. Binti yetu amekaa kulia, amevaa gauni lake lenye uzi mwekundu.

Ulinisubiri nikutajie mahali. Nakutajia sasa: niko hapa, na watoto wako hapa.

Barua yako ya redio ilikuwa nzuri sana, nimekubali. Nimeisoma mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Wakili ameichapisha na ile nyingine na kuzipeleka mezani kwa hakimu, kwa sababu programu inasema kwa uwazi kwamba zimetoka kwenye kompyuta iliyoibiwa ofisini kwa mdogo wangu. Mlinzi wa ofisi yake naye yuko hapa, ameazima koti kwa ajili ya leo.

Umeomba msamaha kwa kosa ambalo si lako, ukalikubali bila kupepesa macho. Yale yaliyo yako yatasomwa humo ndani, na utakuwa na nafasi ya kuyajibu. Mimi msamaha wako siutaki tena, hata ule mzuri.

Njoo na kompyuta ya watu. Na kama umesoma mpaka hapa, kuna sharti moja dogo la kwetu, mdogo wangu analipenda sana: thibitisha umepokea.

Fundi Cherehani